Wauzaji wa vitu vya zamani masokoni, acheni kutuuzia vitu vipya vilivyozeeshwa kwa makusudi

Ndugu zangu, nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha. Mtu anayekwenda kwenye soko la mtaani kumtafutia mzazi au mchumba zawadi ya zamani hafuati pambo tu. Analipia umri wa kitu chenyewe, pamoja na uhakika kwamba kilikwisha kuishi mikononi mwa watu kabla ya kumfikia yeye. Badala yake anauziwa bidhaa iliyotoka kiwandani juzi, ikapakwa dawa na kupigwa msasa ili ionekane imezeeka.

Darubini niliyouziwa mimi ilichorwa ubavuni maneno "London 1915", na mwenye meza akanieleza bila kupepesa macho kwamba ilitoka kwenye meli ya vita. Nilipoichunguza nyumbani nilikuta imefungwa kwa skrubu za nyota, ambazo zilianza kutumika viwandani katika miaka ya 1930. Sumaku ilinasa kwenye pete zake zenye rangi ya shaba, ilhali shaba hainaswi na sumaku, maana yake kilichokuwa chini ya rangi ile ni chuma. Utandu wa kijani nao ulikuwa umeenea sawasawa kila mahali, hata pale ambapo vidole hushika kila siku na ambapo shaba iliyotumika kweli hubaki iking'aa. Niliporudi kudai haki yangu, nilijibiwa kwamba kilichouzwa hakirudishwi na kwamba yeye alisema ni "ya mtindo wa 1915", huku katoni iliyokuwa wazi chini ya meza yake imejaa darubini zenye mwaka uleule na mkwaruzo uleule, mahali palepale.

Hali ni hiyohiyo kwa gramafoni zenye pembe inayometameta, ambazo nyingi zimeunganishwa kutoka vipuri vipya na kubandikwa nembo ya kampuni maarufu ya zamani. Postikadi nazo huloweshwa kwenye chai, zikatoka na rangi moja kuanzia katikati hadi pembeni, wakati karatasi iliyozeeka yenyewe mara nyingi huanza kubadilika rangi kwenye kingo zinazopigwa na hewa na mwanga. Vikasha vya mbao hutobolewa kwa keekee ili vionekane vimeliwa na wadudu, lakini mdudu hachimbi njia iliyonyooka.

Wapo watakaoniambia kwamba mnunuzi ndiye mwenye jukumu la kufumbua macho. Sikubaliani nao hata kidogo, kwa sababu mnunuzi wa zawadi si mtaalamu na wala hapaswi kuwa mtaalamu. Anauliza swali moja la wazi, kitu hiki ni cha lini, naye anastahili jibu la kweli. Tena anayeumia zaidi hayupo hata sokoni. Ni yule atakayekiweka kitu hicho kabatini kwa heshima, akiwasimulia wageni historia ambayo haikuwahi kutokea, na siku fundi atakapomwambia ukweli, aibu itamrudia aliyemzawadia.

Sina ugomvi na mafundi wanaotengeneza vitu vipya kwa mtindo wa zamani, kwani baadhi ya kazi zao ni nzuri mno na ningezinunua kwa furaha kama ningeambiwa ni kazi zao. Nawahurumia pia wauzaji wachache waaminifu, wale wanaokuonyesha wenyewe mahali kitu kilipovunjika na kuungwa, kwa kuwa bei zao halali zinaonekana za juu kando ya meza ya mwongo.

Wasimamizi wa masoko haya hukusanya ushuru wa kila meza bila kukosa, kwa hiyo wasituambie kwamba hayawahusu. Kila kitu kinachouzwa kuwa cha zamani kiwe na kadi inayoeleza kama ni cha asili, kimekarabatiwa au ni nakala mpya. Muuzaji aandike maelezo hayohayo kwenye risiti na kuyatia saini, na yakithibitika kuwa ya uongo arudishe fedha yote. Anayekataa kuandika anyimwe meza.