MREJESHO: Taa mbili za dashibodi kwenye pikapu ya dizeli

Wakuu nimerudi. Wiki iliyopita niliuliza kuhusu pikapu yangu ya dizeli, ilikuwa inawasha taa ya njano ya filta ya dizeli yenye alama ya matone ya maji, halafu na ile nyekundu ya breki wakati hendibreki nimeshaitoa, na nilitaka kushuka mteremko mkali wa Kitonga na mzigo wa mbao kutoka Mafinga. Asanteni sana mlionikatalia kabisa nisiondoke, mliniokoa kwa kweli.

Ya njano nilifuata ushauri wa kumwaga maji kwenye filta, nikafungua koki ya chini yakatoka maji kama nusu glasi, nikafunga, gari ikagoma kuwaka!! Kumbe hewa imeingia kwenye njia ya mafuta, nikapampu ile hendipampu juu ya filta mpaka ikawa ngumu, ikawaka na taa ikazima, haijarudi hadi leo.

Nyekundu hapo nilikosea, aliyesema niongeze tu oili ya breki nilimsikiliza, ikazima siku mbili ikarudi. Fundi alipofungua tairi za mbele pedi za breki zimeisha kabisa, ndio maana oili ilikuwa inashuka. Kaweka mpya, breki sasa zinashika vizuri.

Kitonga nimeshuka juzi, nilipunguza mzigo na nikaingiza gia namba mbili kabla ya mteremko kuanza, breki nikagusa mara chache tu na hazikunuka. Kilichobaki ni taa ya ABS (mfumo wa kuzuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki), inawaka na kuzima, fundi anahisi sensa ya gurudumu, bado tunatafuta.