Bakuli Moja la Krismasi, Baraka Naye Anywe

Dama (Lowell, Massachusetts): Shikamooni wazee wangu, na ninyi wenzangu hamjambo. Ninaandika nikiwa na jambo ambalo limeninyima raha tangu juzi. Mkesha wa Krismasi familia za kanisani kwetu zitakutana nyumbani kwangu, na zamu ya kuandaa egnogi imeniangukia mimi. Ni kile kinywaji cha Wamarekani cha mayai, maziwa, krimu, sukari na kungumanga, ambacho watoto wetu waliozaliwa huku wasipokionja huona sikukuu haijafika. Mwaka jana mwanangu Baraka alikaa pembeni na kikombe chake cha juisi, akiwatazama wenzake wakichotewa kutoka kwenye bakuli kubwa, na tulipokuwa njiani kurudi aliniuliza kama Krismasi ijayo atakuwa amepona. Sasa ana miaka 6 na mzio wake wa maziwa ungalipo. Mwaka huu ninataka bakuli liwe moja tu, na kila atakayeingia mlangoni achotewe humo. Nisaidieni mawazo.

Mjomba Karisa (Mombasa): Marahaba, mwanangu. Nasikia huko madukani kuna maziwa ya ng'ombe yaliyoondolewa laktosi, ambayo watu wanaosumbuliwa na tumbo huyanywa bila shida. Je, hayo hayatoshi?

Neema (Leeds): Mjomba, shikamoo, na uniwie radhi kwa kukupinga mbele ya watu, kwa kuwa jambo hili kazini kwangu wodini nimeliona likileta madhara. Laktosi ni sukari ya maziwa, na anayesumbuliwa nayo hupungukiwa na kimeng'enya cha kuisaga, kwa hiyo tumbo hujaa gesi na kuuma, basi. Mzio wa Baraka ni wa protini za maziwa, na protini hizo zimo zote ndani ya maziwa yaliyoondolewa laktosi. Kikombe kimoja kinaweza kumvimbisha midomo na kumbana pumzi. Tafadhali mtu yeyote asimpe maziwa hayo.

Mjomba Karisa: Nimeelewa, na ninashukuru. Sikujua kwamba ni mambo mawili tofauti.

Dama: Mjomba, hata mimi nililipata somo hilo kwa uchungu. Mwaka juzi, katika sherehe moja hapa mjini, Baraka alitiliwa kwenye chokoleti ya moto ule unga wa kutia kwenye kahawa unaouzwa badala ya maziwa. Mbele ya kopo paliandikwa kwa herufi kubwa kwamba si maziwa, lakini nyuma, kwa herufi ndogo, palikuwa na kaseini, ambayo ni protini ya maziwa yenyewe. Mabaka yalimtoka shingoni kabla hajamaliza kikombe, tukamchoma sindano yake ya adrenalini na kumkimbiza hospitali. Tangu siku hiyo sinunui kitu kabla sijakigeuza na kukisoma nyuma. Egnogi ya kawaida ya dukani hata siigusi, maana sheria ya Marekani inataka kinywaji kinachouzwa kwa jina hilo kiwe na kiini cha yai na mafuta ya maziwa yasiyopungua asilimia 6.

Shangazi Kadzo (Kilifi): Dama mwanangu, mbona unahangaika na wewe umelelewa chini ya mnazi? Tumia tui. Maziwa ya lozi ni mepesi kama maji ya kuoshea mchele, hayawezi kubeba kungumanga wala sukari, lakini tui zito lina mafuta yake ya asili na linakaa mdomoni kama krimu.

Dama: Shangazi, nilikwisha kujaribu Jumamosi na nikaharibu. Nilichemsha tui la kopo pamoja na maziwa ya oti niliyoyatengeneza mwenyewe kwa kusaga oti na maji, nikaweka kwenye friji usiku kucha. Asubuhi nilikuta juu pameganda tabaka jeupe gumu la mafuta, ambalo kijiko kililivunja vipande vipande kama nta, na chini yake kinywaji kilikuwa kikivutika kama mlenda. Baraka alikitazama, akaniambia kwa upole kwamba atakunywa juisi.

Shangazi Kadzo: Hayo ni makosa mawili, na yote yanatibika. Tui ulilichemsha mpaka likakatika. Tui halifunikwi wala haliachwi litokote. Unalikoroga kuelekea upande mmoja kwa moto mdogo, na linapoanza kutetemeka pembeni mwa sufuria unaliepua. Hayo ya oti siyajui.

Neema: Ya oti ninayajua mimi. Oti ina wanga mwingi, na ukiisaga nyumbani kisha ukaipasha moto, wanga ule huvimba na kuvutika. Yale ya dukani yametiwa kimeng'enya kinachouvunja wanga huo, kwa hiyo yanastahimili moto. Nunua hayo. Na tui, Dama, nunua la kopo. Lile la unga mara nyingi huchanganywa na kaseini ili liyeyuke vizuri, na litakurudisha palepale.

Dama: Hilo la tui la unga sikulijua kabisa! Ninayo pakiti mbili kabatini. Nimezisoma sasa hivi, na moja inayo. Nimeitupa.

Mjomba Karisa: Mungu ashukuriwe. Na mayai je? Kinywaji hiki kimebeba jina la yai.

Dama: Baraka anakula mayai, Mjomba, na mapishi ya kawaida hutaka viini vipashwe taratibu mpaka nyuzi 71 za Selsiasi, ili vijidudu vife bila kiini kugandamana. Hata hivyo ninaona bora niyaache. Kuna binti wa jirani asiyekula mayai, na sitaki kumwondoa mtoto mmoja pembeni ili nimweke mwingine mahali pake. Korosho zilizolowekwa na kusagwa zingeleta uzito mzuri sana, lakini kuna mtoto wa kanisani ambaye hazimpatani. Jirani yangu mzaliwa wa Puerto Rico alinionjesha coquito yao, ambayo ni ya nazi, mdalasini na ramu, na wengi wao hawatii yai. Ilinitia moyo mno, ila wao hutia pia maziwa mazito ya kopo, ambayo ni ya ng'ombe. Ninatafuta kitu cha kuleta uzito.

Shangazi Kadzo: Nipo na Nyanya hapa uani, nimemsomea yote. Anasema niyaandike maneno yake kama yalivyo: "Mwambieni Dama, uji wa mchele wa tui niliokuwa nikimpikia akiwa na surua, ule uliokuwa ukifunika mgongo wa mwiko, uliwekwa nini zaidi ya unga wa mchele?"

Dama: Nyanya, nimesoma maneno yako mara tatu nikiwa jikoni, na harufu ya iliki ya uji ule imenijia puani. Asante sana. Ninajaribu usiku huu huu.

Dama: Ni saa nne usiku hapa, na huko kwenu tayari ni alfajiri, mtanisamehe. Nimechukua makopo mawili ya tui, mililita 400 kila moja, na nusu lita ya maziwa ya oti ya dukani. Vijiko viwili vikubwa vya unga wa mchele nimevikoroga kwanza katika oti baridi ili visifanye madonge, kisha nikatia sukari gramu 100, chumvi kidogo, kijiti cha mdalasini na iliki tatu. Moto mdogo, mwiko upande mmoja, kama Shangazi alivyosema. Kilipofunika mgongo wa mwiko nikaepua, nikatia vanila na manjano ya kushika kwa ncha ya kisu, ambayo yamekipa rangi ya kiini bila kuacha ladha. Kilipopoa nimekipiga kwenye blenda na kukiweka kwenye friji.

Neema: Asubuhi utuambie kama kimeganda.

Dama: Habari za asubuhi. Juu palikuwa na utando mwembamba tu. Nimekiacha mezani dakika ishirini, nikakipiga tena kwenye blenda, kikawa laini kabisa. Kungumanga amelikuna Baraka mwenyewe juu ya kikombe chake, akakuna na la kwenye kikombe changu, kisha akanywa akiwa amesimama. Alipomaliza aliuliza kama hiki ndicho watakachokunywa wenzake wote, nami nikamjibu ndiyo. Akaomba kingine. Tutakuwa watu 30, kwa hiyo ninanunua makopo manane ya tui na lita mbili za oti ili wapatikane wa kuongezewa. Shangazi, nieleze jambo moja: unga wa mchele nikiuzidisha mara nne, nao uzidi mara nne, au nipunguze?

Shangazi Kadzo: Punguza kidogo. Weka vijiko saba, usubiri kichemke pembeni, ndipo uamue cha nane. Na kungumanga mwachie Baraka akune.