Donna Summer kamfunika Richard Harris, au ni masikio yangu tu?

Santuri_Tanga: Wakuu, salaam. Mimi na braza tumebishana juu ya "MacArthur Park" mpaka shemeji katufukuza sebuleni. Yeye hasikii la mtu kwa Richard Harris, ile ya 1968. Mimi ni wa Donna Summer, 1978. Anasema disko ni kuutia wimbo wa watu kelele. Nikamwambia Harris aliishia namba 2 Marekani, Donna akakaa namba 1 wiki tatu. Akanijibu chati hazina masikio. Nipeni hoja nyingine.

Dijei_Mstaafu: Mwambie asikilize Donna anavyoingia. Haanzi na mdundo. Anaanza taratibu, huzuni yote ipo, ile keki ya kwenye mashairi imeachwa mvuani vilevile. Halafu anapaza sauti, dramu zinafunguka, na tangu hapo hupewi nafasi ya kukaa.

Harris alikuwa mwigizaji, mtu wa Ireland. Wimbo anausimulia, na zile sauti za juu anazipanda kama mtu mwenye gunia mgongoni. Jimmy Webb, mtunzi, akamwekea okestra nzima imsaidie, zaidi ya dakika 7. Sasa sogeza mpaka katikati, pale Harris anaponyamaza na okestra inatimua mbio. Umesikia? Ule wimbo ulitaka kuchezwa tangu 1968! Giorgio Moroder na Pete Bellotte, maprodyuza wa Donna, hawakuutia kelele. Waliikamata ile mbio wakaifanya ndiyo wimbo. Dramu kubwa kila pigo, matoazi yanajibu katikati, tarumbeta juu yake. Na huyu mama sauti anayo, ile mistari iliyomtoa Harris jasho anaipita akitabasamu.

Webb katunga nyimbo kubwa nyingi, lakini namba 1 ya Hot 100, ile chati ya Marekani, kapewa na Donna.

Itafute ile ndefu, kwenye albamu ya *Live and More*, upande wa nne. Karibu dakika 18 bila kukatika. Nilikuwa naiweka harusini nikitaka kwenda kula pilau, narudi nimenawa na bado watu wako uwanjani.

Binti_Kisauni: Kaka Dijei, taratibu. Boney M, lile kundi la disko, walichukua "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms, ya 1982, wakatoa yao 1983. Njoo Mombasa uniambie nani anaiimba ya Boney M.

Dijei_Mstaafu: Dada, hiyo inanipa nguvu. "Jambo Bwana" ilizaliwa inacheza, Boney M wangeiongezea nini? Disko inafunika pale wimbo wa kwanza ulipoacha mlango nusu wazi. Ndiyo maana hao hao Boney M waliiweza "Sunny", 1976.

Mzee_wa_Kaseti: Hapana, "Sunny" niachieni. Bobby Hebb, aliyeitunga na kuiimba kwanza, kaka yake aliuawa Nashville mwaka 1963, siku moja baada ya Rais Kennedy kuuawa. Msikilize anavyoshukuru, beti zikienda sauti inapanda ngazi, bado hapigi kelele. Boney M wameifanya tamu, sikatai, nami nimeicheza sana. Kuicheza ni jambo moja. Kumfunika Hebb, bado.

Santuri_Tanga: Mzee, braza kaisoma hii, sasa ananiambia niiweke "Sunny" zote mbili. Shemeji kazima redio.