Wauzaji wa Skyline za "kilomita chache", leteni makaratasi au shusheni bei!

Wakuu, leo sina salamu ndefu.

Tangazo ni lile lile, linabadilishwa picha tu: Nissan Skyline GT-R R32 ya mwaka 1991, "kilomita 38,000, haijaguswa, gari ya kutunza, itapanda thamani". Bei yake inakutoa jasho. Ukiomba karatasi ya mnada wa Japani, jibu ni "mkuu, njoo uione gari". Tuje tuone nini? Mita ya R32 ni ya namba za kuzunguka. Fundi mwenye bisibisi anairudisha nyuma kabla chai haijapoa. Na mita ya kiwandani ya gari ya soko la Japani inaishia spidi 180. Ukikuta inasoma zaidi ya hapo, ilifungwa mita nyingine, mara nyingi ya Nismo, tawi la mashindano la Nissan, na mita mpya huanza kuhesabu sifuri. Hizo 38,000 ni umri wa mita, si wa gari!

Karatasi ya mnada inasema mengi kwa anayeisoma. Daraja R au RA maana yake iligongwa ikatengenezwa. XX kwenye mchoro wa bodi ni kipande kilichobadilishwa, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu. Tazama pembeni ya kilomita: alama ya * au # hapo ni mnada wenyewe unakwambia namba haiaminiki. Halafu linganisha na cheti cha kufutiwa usajili Japani. Kule gari hukaguliwa kila baada ya miaka miwili na kilomita huandikwa.

Hata bila makaratasi kuna ushahidi ambao matapeli husahau kuuondoa. Gereji za Japani hubandika stika ndani ya boneti siku mkanda wa taimingi unapobadilishwa, yenye tarehe na kilomita. Stika ikisema 98,000 na dashibodi 38,000, ondoka. Fungua na mlango wa dereva, utafute stika ya kubadilisha oili. Kisha kagua mpira wa pedali ya klachi na ubavu wa kiti upande wa mlango. Gari ya kilomita 38,000 haina pedali iliyolika hadi chuma.

Tuseme basi kilomita ni za kweli. Miaka zaidi ya 30, ni wastani wa kilomita elfu moja na kitu kwa mwaka. Hiyo ni gari iliyosimama, na kusimama kunaua injini yake, RB26, kimya kimya. Mkanda wa taimingi ulipangiwa kilomita 100,000, lakini mpira unazeeka hata usipozunguka, na injini hii mkanda ukikatika valvu zinakutana na pistoni. Zipo valvu 24, piga hesabu mwenyewe. Kwa hiyo siku ya kwanza unabadilisha mkanda, tenshena, rola, pampu ya maji na sili za mbele. Hozi za maji zilizojificha chini ya menifoldi ya hewa usiziruke, maana kuzifikia kunataka kufungua nusu ya injini, na zikipasuka njiani hutaziona mpaka geji ya joto ipande. Sili ya nyuma ya krenki ikiwa imekauka, gia boksi inashuka. Petroli ya zamani imegeuka gundi ndani ya nozeli zote sita na tanki lina kutu. Oili ya breki imevuta unyevu, pistoni za kalipa zimeganda. Sahani ya klachi inaweza kuwa imeshikana na flaiwili.

Tairi nazo: "zina meno mapya". Soma namba nne za mwisho za msimbo wa DOT ubavuni, ndizo tarehe ya kutengenezwa. 2309 ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Hiyo ni tairi ya kufunga kwenye mkokoteni.

Na tafadhali msiwashe gari iliyolala miaka ili kurekodi video ya mlio! Kwanza toa plagi zote, mimina oili kidogo kila silinda, zungusha krenki kwa spana mizunguko miwili. Chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta, piga stata mpaka presha ya oili ipande. Hapo ndipo urudishe plagi, baada ya kumwaga petroli ya zamani. Turbo za kiwandani, ukiacha za N1 (toleo la mashindano), zina gurudumu la seramiki. Likivunjika, vumbi lake halina huruma kwa injini.

Mnunuzi, dai kipimo cha kompresheni injini ikiwa ya moto na throto wazi. Kawaida ni psi 171, kikomo cha chini ni psi 128, tofauti kati ya silinda isizidi psi 14. Hakikisha pia namba ya chesesi inaanza na BNR32. HCR32 ni GTS-t, Skyline ya chini ya GT-R, iliyovalishwa nguo za kaka yake.

NYONGEZA: Kuna mtu kaniandikia kwamba bei imepandishwa na Wamarekani. Kweli, sheria yao ya kuruhusu gari za nje zikifikisha miaka 25 iliifungulia R32 mlango mwaka 2014, na GT-R ya R34, mdogo wake wa baadaye, ikaanza kuingia 2024. Lakini Wamarekani hao hao hulipia gari zenye historia iliyoandikwa. Ya kwako ina nini?

Kwa wanaouliza kuhusu kuagiza wenyewe: Tanzania ushuru wa ziada wa gari kuukuu unaangalia mwaka wa kutengenezwa, na ikizidi miaka 10 unabanwa hata iwe na kilomita 5. Wakenya, kikomo chenu ni miaka 8, kwa hiyo R32 mnayoiona sokoni ilishaingia zamani. Anzeni na logbook, mhesabu imepita mikono mingapi.