Meza ya mninga ya mtumba: niikwangue au niipake rangi nyeupe?

Mama Wawili aliuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Nimenunua meza ya chakula na viti vyake sita kutoka kwa familia iliyokuwa ikihama hapa Tanga. Naamini ni mninga, kwa sababu upande wa chini, ambako vanishi haikufika, mbao ni ya hudhurungi yenye michirizi myekundu. Juu, hata hivyo, vanishi imemenyeka, pana duara jeupe palipowekwa sufuria ya moto na doa jeusi lililoachwa na mkebe wa maua, na viti viwili vinayumba. Jirani yangu ananishauri niipake yote rangi nyeupe ya mafuta ili ifanane na samani za kisasa. Nianzie wapi?

Fundi Randa alijibu:

Dada yangu, rangi nyeupe tuwaachie wenye meza za paini; ukiifunika mninga, umelipia mbao nzuri ili usiione. Anza na viti, kwa kuwa kiti kinachoyumba hupasua vanishi mpya kwenye maungio. Usipigilie misumari. Gonga taratibu kwa nyundo ya mpira mpaka ulimi utoke katika tundu lake, ukwangue gundi yote ya zamani, maana gundi mpya haishiki juu ya gundi kavu, kisha utie gundi nyeupe ya mbao, ufunge kwa tyubu ya baiskeli iliyokatwa vipande virefu, na uache kwa saa 24.

Kabla ya kukwangua meza, jua kwanza ilipakwa nini. Dondosha spiriti mahali pasipoonekana: vanishi ikilainika, ni sheleki, yaani vanishi ya utomvu wa wadudu. Isipolainika, jaribu thina. Ikinata, ni laka, vanishi inayokauka haraka, nayo utaiondoa kwa thina na kitambaa bila kuchosha mikono. Ikikataa vyote viwili, utahitaji msasa: namba 80 mahali palipoharibika sana tu, halafu 120 na 180, umalizie 240, daima kwa kufuata nyuzi za mbao. Duara jeupe litaondoka na vanishi, kwani ni unyevu ulionaswa ndani yake. Doa jeusi ni jambo jingine: maji na kutu ya mkebe vimekutana na tanini, kemikali ya asili iliyo ndani ya mbao, na litahitaji asidi ya oksaliki, dawa ya kung'arisha mbao, ukiwa umevaa glavu.

Kibarazani alijibu:

Naafiki, ila niongeze la hali ya hewa, kwa sababu mimi pia nakaa pwani na liliwahi kuniharibia kazi ya siku mbili. Unapopaka laka mpya, thina iliyomo ikivukiza haraka hupoza uso wa mbao, unyevu wa hewani ukatua juu yake, na laka ikakauka ikiwa na ukungu mweupe. Wakati wa masika subiri siku kavu, upake kivulini kuanzia saa nne asubuhi, tabaka tatu nyembamba badala ya moja nzito. Vaa barakoa unapopiga msasa, kwani vumbi la mninga huwasha pua na kifua. Ukitaka sura ya kisasa, badilisha sponji na kitambaa cha viti, hilo linatosha.

Mama Wawili alijibu:

Nawashukuru sana. Spiriti haikufanya kitu, lakini thina imenata kidoleni, kwa hiyo ni laka. Viti viwili nimekwisha kuvifungua, na katika kimoja nimekuta misumari minne ya fundi aliyenitangulia.