Nimepigwa marufuku kuuliza "swali la siku" kazini. Nimekosea wapi?

Kaunta_ya_Saba aliandika:

Wakuu, heshima kwenu. Natafuta ushauri, na mtakaokuja kucheka chekeni tu, nimeshazoea.

Nafanya kazi kwenye shirika la ndege, huu mwaka wa 11. Siyo rubani, siyo mhudumu wa angani. Mimi ni yule anayekwambia kaunta kwamba begi lako limezidi kilo nne, halafu saa mbili baadaye unamkuta langoni anakagua pasi yako kana kwamba hamjawahi kuonana. Nikirudi nyumbani napiga kinanda, na kabati langu la vitabu limejaa historia ya usafiri wa anga. Hayo mawili ndiyo yananiamsha saa tisa usiku kwa zamu ya alfajiri bila kumtukana mtu.

Kwa miaka mitano hivi nina kitu nakiita swali la siku. Kabla ya zamu, tukiwa tumesimama kusikiliza ndege ipi imechelewa na nani yuko lango gani, naandika swali moja kwenye ubao mweupe. Mfano: katika majina ya kutajia herufi redioni, A ni Alfa, B ni Bravo, C ni Charlie hadi Z ni Zulu, ni yapi mawili ya dansi? (Foxtrot na Tango.) Au: kwa nini Juliett ina t mbili mwishoni? Kwa sababu Mfaransa akiona t moja mwishoni huenda asiitamke kabisa. Na Alfa wakaiandika kwa f, siyo ph, ili kila mtu aisome sawa. Herufi hizo zinatumika tangu 1956, na mimi hufurahi kila nikikumbuka kwamba wakubwa wote wa usafiri wa anga mwishowe walikubali kuandika Alfa kama Mswahili. Anayepata jibu, siku hiyo hapangwi dawati la mizigo iliyopotea. Waliowahi kukaa dawati lile wanajua hiyo ni zawadi kubwa kuliko bonasi.

Tena nina tabia ya kugonga kaunta kwa kalamu printa ikikwama. Ndefu fupi ndefu ndefu, ndefu fupi ndefu ndefu, ndefu ndefu fupi fupi. Hiyo ni YYZ, msimbo wa uwanja wa ndege wa Toronto, kwa herufi za mapigo za Morse. Bendi ya Rush ya Kanada iliufanya kuwa mapigo ya kufungulia kipande chao cha ala tupu mwaka 1981, na jina la kipande ni YYZ hivyo hivyo. Hesabu ndefu kuwa mbili na fupi kuwa moja, jumla unapata 20, yaani mapigo matano ya fupi nne nne. Ndiyo maana ukijaribu kuichezea kwa mapigo manne unajikwaa.

Sasa balaa. Wiki tatu zilizopita ndege imechelewa dakika 40, langoni abiria wamejaa, mwenzangu ananiuliza habari za piano ya Hindenburg, kile chombo kikubwa cha anga cha Wajerumani. Nikamweleza: mwaka 1936 kampuni ya Blüthner iliwatengenezea piano ya alumini, kilo 162 hivi, imevalishwa ngozi ya nguruwe ya rangi ya njano, wakaipandisha. Nilikuwa nimeegemea meza. Kiwiko kilikuwa juu ya kitufe cha kipaza sauti. Ukumbi mzima ukasikia sauti yangu tulivu ikitamka: "…kwa hiyo piano ilipona, maana waliishusha kabla ndege haijaungua."

Kimya. Kisha mtoto mmoja: "Mama, ndege gani imeungua?"

Msimamizi wetu mpya aliniita siku hiyo hiyo. Maswali basi, kugonga kaunta basi. "Hapa ni kazini." Nimenyamaza, lakini roho inauma. Herb Kelleher, aliyekuwa bosi wa shirika la ndege la Southwest la Marekani, mwaka 1992 alishindana kukunja mkono hadharani na bosi wa kampuni nyingine kugombea kaulimbiu ya biashara badala ya kwenda mahakamani. Akashindwa, wakacheka, na bado akaruhusiwa kuitumia. Shirika lake halikufa kwa kucheka. Mimi kosa langu ni kiwiko tu. Nimwendee msimamizi na hoja, au niufyate?

---

Mama_wa_Mawinguni alijibu:

Kaka yangu, nimecheka hadi nikakaa chini. "Piano ilipona"!

Mimi ni mhudumu wa ndani ya ndege. Nikwambie ukweli: wewe siyo wa kwanza kusikika kwenye spika, na wengine wetu tulisikika tukisema mabaya zaidi ya hayo. Ila kosa siyo kiwiko peke yake. Hadithi ya moto haisimuliwi langoni hata kwa kunong'ona. Mle ndani kuna mtu aliyekunywa dawa ya kutuliza hofu ili tu aweze kusimama kwenye ule mstari.

Sisi angani tuna mpaka unaoeleweka. Chini ya futi 10,000 marubani hawapigi soga, nasi hatuwapigii simu kwa jambo lisilo la usalama. Marekani waliliweka kwenye kanuni mwaka 1981. Miaka saba kabla yake ndege moja ilianguka ikijiandaa kutua Charlotte, na uchunguzi ulikuta chumba cha marubani kilikuwa kwenye maongezi ya mambo mengine kabisa. Juu ya hapo, taa ya mkanda ikishazimwa, cheka unavyotaka. Kwa hiyo wewe tafuta futi 10,000 zako. Kikao cha kabla ya zamu, sawa. Chumba cha mapumziko, sawa. Langoni wakati ndege imechelewa, kaka, hapo uko futi mia mbili na magurudumu yameshatoka.

Na kwa kuwa unapenda muziki: mwezi uliopita nilimfunga mkanda selo, ile ala kama fidla kubwa. Mwenyewe alilinunulia kiti. Lazima kiwe cha dirishani ili lisimzuie mtu kutoka, na mkanda wa kawaida haufiki, unaunga kile kipande cha nyongeza. Nimelikaza, nimenyoosha mgongo, bwana wa kiti cha nyuma ananiuliza, "Na hilo nalo litapewa chai?"

---

Kaunta_ya_Saba:

Dada, futi mia mbili na magurudumu yametoka. Imenichoma lakini imekaa.

Hao maselo nawajua kwa majina. Kwenye tiketi huwa wanasomeka CBBG, mzigo wa kabini wenye kiti. Kuna mwenzetu mgeni aliwahi kumwita langoni mara tatu, "Abiria CBBG, abiria CBBG, unasubiriwa."

---

Sina_Maneno_Mengi alijibu:

Kelleher alikuwa mwenye meza. Wewe umeajiriwa kwenye meza. Mfano wako haukusaidii.

Halafu wote mmekazana na kipaza sauti. Mimi nimeshika kitu kingine. Umesema anayepata jibu hapangwi mizigo iliyopotea. Maana yake zamu zinagawanywa kwa chemshabongo. Kwenye timu yenu lazima yuko mtu asiyejua Blüthner ni piano au dawa ya kikohozi, na wala hajali. Huyo amekaa dawati lile mara ngapi?

---

Fundi_Mstaafu alijibu:

Vijana, shikamooni hazitoshi kwa leo, naona mmeingia kwenye uwanja wangu.

Kwanza marekebisho. Hindenburg haikuwa ndege. Kilikuwa chombo kilichobebwa na gesi ya hidrojeni, na kiliungua Lakehurst tarehe 6 Mei 1937. Piano kweli ilikuwa imeshashushwa. Lakini usiseme ilipona, maana iliangamia Leipzig kwenye mabomu ya vita. Ukiamua kutangaza kwenye spika, tangaza sahihi.

Pili, mwanamuziki wewe, umewahi kuona vile vipokea sauti vya mirija? Nimevitengeneza sana. Havikuwa na waya wala sumaku ndani. Spika ndogo ilikaa kwenye mkono wa kiti, abiria anachomeka mirija miwili mitupu kama kipimo cha daktari, sauti inapita kwenye hewa. Ukikunja mrija muziki unakatika. Wajanja walikataa kukodi, wakalaza sikio juu ya tundu la kiti wakasikiliza bure, shingo imepinda safari nzima. Mimi kazi yangu ilikuwa kuyazibua hayo matundu. Sitawaambia nilikuta nini.

Mnasikiliza muziki saa hizi kwenye viti vya kila mtu na skrini yake, mnasahau kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1970 American Airlines walikuwa na piano ya umeme ya Wurlitzer kwenye ukumbi wa nyuma wa 747. Abiria anakaa anapiga, wenzake wamezunguka na glasi mkononi. Baadaye mahali kama hapo palijazwa viti, maana viti ndivyo vinavyolipa.

Kuhusu swali lako. Uliza maswali ya historia, lakini usiyachague yote ya kuchekesha. Waulize Comet, ndege ya jeti ya Waingereza. Tarehe 2 Mei 1952, safari ya kwanza ya ndege ya jeti yenye abiria waliolipa nauli: London, Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe, Livingstone, Johannesburg. Ilikuwa fahari. Miaka miwili baadaye mbili zikapasuka angani. Waingereza wakachukua nyingine wakaizamisha kwenye tangi la maji Farnborough, wakawa wanaijaza presha na kuitoa, kujaza na kutoa, kama inavyopanda na kushuka kila safari, mpaka ubavu ukachanika kuanzia kwenye kona ya dirisha. Metali ilichoka. Mimi nilifundishwa hilo wiki ya kwanza, na maisha yangu yote ya kazi nimepitisha kidole kwenye kona za madirisha kabla ya kupitisha tochi.

---

Kaunta_ya_Saba:

Mzee, shikamoo. Nimesahihishwa, na la kona za madirisha nimelihifadhi.

Sina_Maneno, nilikukasirikia usiku mzima. Asubuhi nikaenda kuangalia ratiba. Zamu 14 zilizopita kabla ya marufuku, kijana mmoja wetu amekaa mizigo iliyopotea mara tisa. Ana miezi minane kazini. Mkimya, hajibu swali hata moja, na mimi nilikuwa najua ni mpole tu. Huwa namwona jioni akikunja zile fomu, mtu aliyetukanwa na abiria tangu saa moja, ananiambia "kesho, kaka." Mara tisa.

Kumbe msimamizi hakuniambia kitu kuhusu Hindenburg hata kidogo. Narudia maneno yake kichwani: "Hapa ni kazini, na watu wanalalamika." Mimi nilisikia abiria.

---

Mpakia_Fidla alijibu:

Nipo upande wa mizigo, chini ya tumbo la ndege. Kwetu huruhusiwi hata kuvaa hedifoni za muziki, zile unazotuona nazo ni za kuzuia kelele, kwa hiyo tunaimba wenyewe. Mwenzangu ana sauti nene, injini ya kando ikizimwa unamsikia. Hatugombanii nani apakie nini. Anayeimba anabeba sawa na asiyeimba.

Kwa wanamuziki mnaopita hapa: gitaa lije kwenye kesi ngumu, na mjaze nguo pembeni mwa shingo lisicheze ndani. Kibandiko cha "shika polepole" tunakiona, ila gizani na mvua tunaona kesi kwanza.

---

Kaunta_ya_Saba aliandika, baada ya wiki mbili:

Narudi na mrejesho, mlionitumia ujumbe mnisamehe kuchelewa.

Nilikwenda kwa msimamizi bila Kelleher. Nikamwambia nimeona ratiba. Akafungua droo, akatoa karatasi aliyoiandika yeye mwenyewe, idadi zile zile, na ya kijana imezungushiwa wino mwekundu. Alikuwa amesubiri nijitambue au nijitetee, sijui kipi. Dawati la mizigo sasa ni kwa mzunguko wa majina, hakuna msamaha, nami nimeanza. Siku tatu mfululizo. Bibi mmoja alinielezea begi lake kwa dakika 20 na rangi aliyoitaja mwishoni siyo aliyoanza nayo.

Swali la siku limerudi, ubaoni kwenye chumba cha mapumziko, zawadi hakuna. Langoni sifungui mdomo ila kwa kazi. Kugonga kaunta bado ni marufuku na hapo sikubishana, ana haki, inachosha.

Nilimwendea yule kijana nikamwomba radhi. Akasema yaishe. Halafu akaniuliza kama ni kweli Phil Collins alipiga London na Philadelphia siku moja. Nikamwambia kweli, tarehe 13 Julai 1985, tamasha la Live Aid, alimaliza Wembley, London, akawahi Concorde, ndege iliyopita kasi ya sauti, na saa za mashariki mwa Marekani ziko nyuma ya London kwa tano, kwa hiyo alifika mapema kuliko alivyoondoka. Akasema hiyo ndiyo ningeiuliza siku moja, angejibu. Yeye anapiga ngoma. Miezi minane, sikuwahi kumuuliza.

Swali lililopo ubaoni leo, na nyie jaribuni: ndege ya DC-3 iliruka mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935. Tarehe hiyo ina nini?

---

Sina_Maneno_Mengi alijibu:

Tarehe hiyo hiyo ndugu wawili Wright walirusha ndege yao ya kwanza, 1903. Sekunde 12. Rahisi mno, lete nyingine.