Tupeane uzoefu: uliyenunua oveni ya kupigia rangi magari, ulichagua vipi na ulijutia nini?

Wakuu, habari za majukumu. Nina gereji ya bodi na rangi Tabata, mwaka wa tisa sasa tunapigia rangi chini ya turubai. Yanayofuata mnayajua: gari inatoka inang'aa, mteja anapitisha kiganja kwenye boneti, anakuta kama anapapasa msasa. Wiki jana klia, lile tabaka la juu la kung'arisha, ya Harrier nyeusi imenasa nzi. Kafia katikati ya boneti, mbawa zote mbili kazitandaza. Nimechoka, nataka oveni, chumba kilichofungwa cha kupigia na kukaushia rangi, chenye feni na filta.

Wauzaji wananiambia kuna ya hewa ya kushuka, inaingilia darini na kutokea sakafuni, na kuna ya hewa ya kulala, inaingilia mlangoni na kutokea nyuma. Ya kushuka ndiyo wote wanaisifia, na bei yake iko juu kweli kweli. Brosha ninazo za kutosha. Namtaka aliyeungua.

Gereji ya bondeni

Mkuu, mimi hapa. Nilinunua ya hewa ya kushuka, maana ndiyo inayovuta ukungu wa rangi kwenda chini, mbali na bodi na mbali na pua ya fundi. Hilo ni kweli, sikudanganywa. Ila inataka shimo chini ya sakafu, na gereji yangu haiko mbali na bonde la mto Msimbazi. Tukachimba, tukajenga, tukaweka vyavu vya chuma na filta zake. Kiangazi chote raha tupu.

Masika ikaingia. Asubuhi moja kijana kafunua chavu abadilishe filta, kaniita: "Bosi, njoo uone kisima chako." Maji hayakupitia mlangoni hata tone, yalipanda kutoka chini. Filta zimelowa, feni inanguruma lakini hewa haipiti, ukungu wa rangi unarudi juu na kutua kwenye gari ileile. Klia ya siku hiyo ilifubaa ikawa na weupe kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Miezi mitatu nilikuwa nafungua gereji kwa pampu ya maji, kabla hata ya chai.

Baadaye ndipo nikajua zipo zinazokuja na kitako chao cha chuma, hazitaki shimo, gari inapandishwa kwa ngazi mbili za mteremko. Nikafukia shimo nikanunua kitako. Kumbe sasa oveni imeinuka na bati la banda liko palepale! Nikaezua.

Wa daladala

Pima gari lako kubwa kuliko yote kabla ya kupima pesa. Mimi kazi yangu nusu ni Coaster. Nikaletewa oveni ya urefu wa mita 7 ndani. Coaster ndefu ni mita 6.99. Inaingia, naam, lakini fundi anasimama wapi?

Fundi rangi, mwanamama

Mdogo wangu mwenye mada, nimeshika bunduki ya rangi tangu 2008, sikiliza la anayesimama mle ndani.

Oveni haikuondolei barakoa. Hadina, ile dawa ya kugandishia rangi za kuchanganya, ina kemikali ya isosayaneti, nayo huweza kuleta pumu. Ikishakukamata, hata harufu kidogo tu inakubana kifua. Nimemuona mwenzangu akiacha kazi hivyo. Barakoa yenye mpira unaoleta hewa safi kutoka nje ndiyo ya kazi hii, kile kitambaa cha hospitali ni mapambo. Kwa hiyo unapopanga bajeti ya oveni, weka na hiyo.

Ukienda kuiona ya mtu, usiangalie taa na milango ya kioo. Mwambie fundi apulize rangi, wewe chuchumaa usawa wa kizingiti cha gari uangalie ukungu unaelekea wapi. Ukiona unazunguka pale pale, ondoka. Kwenye ile ya kulala, hewa yenye ukungu inapita juu ya gari zima ndipo itoke, kwa hiyo panga mapema unaanzia upande gani, ukungu usije ukatua kwenye rangi uliyokwisha kupiga. Ukikosea hapo utalaumu mashine bure.

Halafu kompresa. Dar hii hewa yake ni maji matupu. Usipofunga chujio la maji na kumwaga tanki kila siku, oveni ya dhahabu nayo itakupa viputo.

Jirani mwema

Bomba la oveni la kutolea ukungu wa rangi lipande juu ya paa. Langu lilikuwa fupi. Kanga za jirani zilipata vidoa vya silva, nikanunua doti nne.

Mbanaji matumizi

Feni zake nyingi zinataka umeme wa njia tatu, ulizia kabla mzigo haujafika bandarini. Jiko la dizeli la kupashia hewa joto mimi nawasha masika tu, na kwa gari za haraka. Na mkipika rangi ikauke, nyuzi 60 kwa nusu saa inahesabiwa bati likishafika 60, hewa peke yake haitoshi. Wengi wanazima mapema halafu klia inabaki na alama ya kidole.

Mwenye mada

Nimesoma yote, shikamoo dada fundi, nimekuelewa. Jana jioni nilimpa kijana jembe, tukachimba kona ya banda, kina cha goti. Leo saa moja asubuhi nimekuta maji ya kufika kifundo cha mguu, na chura mmoja. Kitako cha chuma sina nafasi nacho, bati langu ni la chini. Nachukua ya hewa ya kulala, nazidisha urefu mita mbili. Mwenye uzoefu na filta za mlangoni kwenye barabara ya vumbi, hudumu muda gani?